JINA LENU NI MALI YA NYUMBA: LILINDENI PAMOJA



Mume na mke wakianza maisha huweka pamoja vitu vingi: kitanda, sufuria, jiko, mapato na madeni. Lakini kuna mali moja ambayo wengi hawaihesabu, nayo ni jina. Jina pamoja na namba ya kitambulisho, namba ya simu na kadi ya benki. Siku hizi mwizi hana haja ya kuvunja kufuli ya mlango wa mabati. Akilipata jina lako, anaweza kuchukua pesa ulizo nazo na hata zile ambazo hujazipata bado, kwa kukopa badala yako.

Somo letu la leo linaangalia jinsi wizi huu unavyotendeka, kwa nini unawahusu hasa watu wa ndoa, na mambo ambayo bwana na bibi wanaweza kufanya ili kujikinga. Tutachukua mifano kutoka Mukuru kwa Reuben, kando ya Eneo la Viwanda la Nairobi, lakini msomaji wa Kayole, Dandora au Kisumu atajiona humo pia.

1. Wizi wa jina ni nini?

Wizi wa jina ni mtu kutumia utambulisho wako bila ruhusa yako, akijifanya kuwa ni wewe, ili apate pesa, mkopo, laini ya simu au faida nyingine. Katika nchi za Ulaya na Marekani wizi huu hufuata sana kadi za mkopo. Kwetu sisi hufuata zaidi simu, kwa kuwa simu ndiyo benki ya watu wengi tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Mwaka 2012 ilikuja M-Shwari, na mwaka 2019 Fuliza, ambayo hukuwezesha kulipa hata kama salio halitoshi. Huduma hizi zimesaidia nyumba nyingi. Lakini maana yake ni kwamba mwenye kuishika laini yako ameushika pia uwezo wako wa kukopa.

2. Tusikidharau kitambulisho

Wazee wetu walilazimishwa na serikali ya kikoloni kubeba kipande tangu mwaka 1920 hivi. Kilitiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichovaliwa shingoni, na kilionyesha mtu amefanya kazi wapi na kwa nani. Kilikuwa mzigo wa aibu. Wanawake nao hawakuandikishwa mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Leo kitambulisho ni haki ya raia, ingawa wengi bado twakiita kipande. La kusikitisha ni kwamba karatasi waliyoichukia babu zetu kwa sababu ya kufungwa nayo, sisi twaiacha popote.

Angalia safari ya kitambulisho kimoja kwa mwezi mmoja tu. Baba anakwenda kutafuta kibarua upande wa Barabara ya Enterprise au Lunga Lunga. Kitambulisho kinabaki kwa askari wa lango. Mama anataka kuhamia chumba kingine. Msimamizi wa ploti anataka kopi. Mtoto anaandikishwa shule, kopi nyingine. Chama kinafungua akaunti, kopi nyingine. Kopi iliyoharibika inatupwa pale pale kwenye duka la kompyuta, au kufungiwa maandazi. Wako hata wanaokiacha dukani kuwa rehani ya deni la unga. Hakuna ubaya kuonyesha kitambulisho panapohitajika. Ubaya ni kutouliza: kopi hii ni ya kazi gani, na nani atakaa nayo?

Mwaka 2021 Wakenya wengi walipotazama orodha ya serikali waligundua kwamba wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa na majina yao na namba zao za vitambulisho. Na mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu jijini Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wakiahidiwa sarafu za kompyuta zenye thamani ya shilingi elfu chache. Serikali iliusimamisha mradi huo Agosti 2023. Aliye na njaa huona shilingi ya leo kuliko hasara ya kesho. Lakini namba ya siri hubadilishwa, jicho halibadilishwi.

3. Njia wanazotumia wezi

(a) Kubadilisha laini. Mwizi mwenye jina lako, namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa anakupigia simu akijifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu. Anakutajia jina lako lote ili umwamini. Kisha anakuomba ubonyeze namba fulani au umsomee ujumbe uliotumiwa. Baada ya dakika chache simu yako inapoteza mtandao, kwa sababu laini mpya yenye namba yako iko mkononi mwake. Hapo hubadilisha namba ya siri, humaliza salio, kisha hukopa kila anachoweza.

(b) Pesa iliyotumwa kwa makosa. Unapata ujumbe kwamba umepokea pesa. Papo hapo mtu anapiga akilia: nimekosea namba, nirudishie, mtoto wangu yuko hospitalini. Wewe mwenye huruma unatuma, na kumbe hakuna kilichoingia. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, si kutoka namba ya mtu. Tazama salio lako kwanza. Na hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe mwenyewe. Aliyekosea anaweza kutuma ujumbe wake wa M-Pesa kwa namba 456 na kampuni itashughulikia.

(c) Ile pesa tuma kwa namba hii. Mwizi husambaza ujumbe huo kwa watu wengi, akijua kwamba kati yao yuko mmoja aliyekuwa karibu kutuma kodi ya nyumba au karo.

(d) Msaidizi kwenye mashine ya benki. Unahangaika na kadi, kijana mwenye adabu anakusaidia. Anaiona namba yako ya siri, na kadi anayokurudishia si yako.

(e) Kazi na misaada ya uongo. Unaambiwa umepata kazi, au umechaguliwa kupewa msaada. Leta picha ya kitambulisho na ada ndogo ya kujiandikisha.

Mkizitazama njia hizi zote mtaona vitu viwili: haraka na siri. Mwizi husema, fanya sasa hivi; na husema, usikate simu, usimwambie mtu. Anajua kwamba ukigeuka tu kumwuliza mwenzako, mchezo umekwisha.

4. Mbona hili ni jambo la ndoa?

Kwanza, kwa sababu hasara haichagui. Tuchukue mfano. Mke anatapeliwa shilingi elfu tano zilizokuwa za kodi. Anaona haya, ananyamaza, anakopa kwa simu ili kuziba pengo. Deni linazidi kwa ada, anakopa kwingine kulipia lile la kwanza. Mume anakuja kujua siku msimamizi wa ploti anapofunga mlango kwa kufuli yake. Wakati huo hasira ya mume si kwa ajili ya elfu tano tena. Ni kwa ajili ya miezi mitatu ya kufichwa.

Lakini tumwulize mume pia: kwa nini mkeo alificha? Je, mara ya mwisho alipokosa ulimwambiaje? Nyumba ambamo kosa hupokelewa kwa matusi huzaa siri, na siri ndiyo nyumba ya mwizi. Mtu aliyetapeliwa si mjinga. Wametapeliwa walimu na wenye maduka makubwa. Anahitaji kwanza kusikilizwa, halafu mhesabu hasara pamoja.

Pili, ni lazima tuseme jambo chungu: mara nyingine mwizi hatoki nje. Mume mwenye madeni ya simu anachukua kitambulisho cha mkewe akiwa amelala, anasajili laini mpya na kukopa kwayo. Au mke anakopa kwa simu ya mumewe akitumaini kulipa kabla hajajua. Wengine hujitetea: sisi ni kitu kimoja, chake ni changu. La hasha. Kuwa mmoja katika ndoa hakumfuti mtu. Mkopo usipolipwa, jina litakalopelekwa kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo ni la yule asiyejua lolote, na siku atakapotaka mkopo wa kununua cherehani atakataliwa. Mwenye kukopa kwa jina la mwenzake bila kumwambia amemwibia, hata kama pesa zilinunua chakula cha nyumba hiyo hiyo.

5. Namba ya siri: tuambiane au tusiambiane?

Swali hili huleta ugomvi katika nyumba nyingi. Mmoja husema, kama wanipenda utaniambia namba yako. Mwingine husema, wataka kunichunguza.

Kampuni na benki zinataka namba ya siri ijulikane na mwenyewe peke yake, na kuna sababu. Namba ya siri ni kama sahihi. Ikijulikana na wawili, huponyoka mara mbili: siku mnapomtuma mtoto dukani na simu, siku mnapoitaja kwa sauti huku ukuta kati yenu na jirani ni bati moja. Pesa zikipotea, hamtajua mlango upi ulikuwa wazi, na mtaanza kushukiana.

Basi tutofautishe. Namba ya siri ni ya mmoja. Hesabu ni ya wawili. Mwenzako ana haki ya kujua salio, mapato, madeni yote ya simu, na laini zote ulizo nazo. Asiyetaja namba yake lakini kila mwisho wa mwezi hufungua taarifa yake mbele ya mwenzake hana la kuficha. Asiyetaja namba wala hesabu, huyo ana jambo. Na kwa ajili ya siku ya ugonjwa au dharura, kila mmoja awe na akiba kidogo kwa jina lake mwenyewe, ili asihitaji kuvunja mlango wa mwingine.

6. Mambo ya kufanya wiki hii

• Kila mmoja atazame laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mteja wa Safaricom hubonyeza *106#. Mkikuta namba msizozijua, ziripotini.

• Zuieni laini zenu zisibadilishwe na mtu mwingine. Kwa Safaricom, *100*100# hufanya laini isibadilishwe ila mwenyewe afike katika duka la kampuni.

• Kumbukeni kwamba Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000. Hata hivyo hakuna mfanyakazi wa kweli anayeuliza namba ya siri. Ujumbe wa utapeli utumeni kwa 333 bila malipo.

• Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wala wa arusi yenu.

• Mkitoa kopi ya kitambulisho, andikeni juu yake kwa kalamu kazi yake na tarehe. Kopi zilizoharibika zichaneni au zichomeni jikoni.

• Ombeni taarifa ya mikopo yenu. Sheria inampa kila mtu nakala moja bure kwa mwaka kutoka ofisi za kumbukumbu kama Metropol na TransUnion.

• Wekeni kanuni ya nyumba: hakuna pesa itakayotumwa kwa sababu ya simu ya ghafla kabla ya kumwuliza mwenzako. Wafundisheni na watoto wakubwa, na mama mzazi kule kijijini.

7. Yakitokea

Simu ikipoteza mtandao ghafla huku majirani wanao, usingoje asubuhi. Tumia simu ya mwenzako kuijulisha kampuni na benki ili laini na akaunti vifungwe. Kisha nenda kituo cha polisi upewe namba ya OB. Bila hiyo ni vigumu kupinga mkopo uliokopwa kwa jina lako. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inasema atumiaye utambulisho wa mwingine kwa hila anaweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka mitatu, au yote mawili. Na kama kampuni au ofisi imetumia vibaya habari zako, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, inayosimamia sheria ya mwaka 2019, hupokea malalamiko ya raia.

Nendeni pamoja. Aliyetapeliwa akiandamana na mwenzake huongea kwa ujasiri zaidi mbele ya meza ya polisi, na akirudi nyumbani hana la kueleza upya.

KWA MAZUNGUMZO YA BWANA NA BIBI

Tengeni nusu saa watoto wakiisha kulala. Zimeni redio. Kila mmoja ajibu, na mwingine asikilize bila kumkatiza.

1. Vitambulisho vyetu viko wapi sasa hivi? Ni nani wana kopi zake?
2. Je, nina deni la simu ambalo sijakuambia? Ni kiasi gani?
3. Nikitapeliwa kesho, ninaogopa nini zaidi: kupoteza pesa au kukuambia?
4. Je, nimewahi kutumia jina lako bila ruhusa? Nitarekebishaje?

Swali la tatu lisirukwe. Wenye kulijibu kwa kweli wataona kwamba wamefunga mlango ambao kufuli haiwezi kuufunga.