SOMO: MBWA UMPENDAYE AKIUGUA SANA

Ndugu mkazi wa kambi,

Wapo miongoni mwetu walioacha nyumba na shamba, lakini mbwa wao akawafuata. Usiku analinda mlango, mchana anacheza na watoto. Akiugua, mwenyewe huumia. Hilo si jambo la kuonea haya.

1. Wewe ndiwe msemaji wake
Mnyama hawezi kusema anaumwa wapi. Mweleze bwana mifugo yote: aliacha kula siku gani? Anatapika au anahara? Aling'atwa na mbwa mwingine? Alichanjwa lini? Usifiche neno.

2. Huruma isikuponze
Kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate. Mbwa mpole huwa mkali, au mkali huwa mpole kupita kawaida. Udenda unamtoka, taya linalegea, hawezi kumeza. Wengine hudhani amekwamwa na mfupa, wakaingiza mkono kinywani ili kumsaidia. Usifanye hivyo kamwe! Waondoe watoto, mfungie mahali bila kumgusa, na bwana mifugo aitwe upesi.

Dalili zikishaonekana, mbwa huyo haponi. Bwana mifugo akishauri apigwe sindano afe bila maumivu, hakudharau wewe wala mbwa wako. Anamfupishia mateso na kuilinda jamaa yako. Kumficha ndani ya nyumba si kumpenda.

3. Mtu aking'atwa
Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kisha nenda zahanati siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Usingoje dalili, maana mtu naye akianza kuugua ni vigumu mno kupona. Chanjo ya mapema huokoa. Huko Ufaransa, mwaka 1885, Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi.

4. Mbwa akifa
Usimshike kwa mikono mitupu. Azikwe katika shimo refu. Watoto wakilia, msiwakemee, waambieni ukweli.

KUMBUKA: Mbwa mzima ndiye wa kuchanjwa. Ukimpenda, mpeleke kwenye chanjo kabla hajaugua.

Maswali ya kujadiliana
- Kwa nini watu huficha mbwa mgonjwa?
- Jirani akifiwa na mbwa wake, tumwambie nini?
- Katika mtaa wenu, mbwa gani hawajachanjwa?