Somo la Kikundi: Chanjo ni Bure, Mbona Watoto Wengine Hawamalizi?

Mwenyekiti, kabla ya kuanza somo hili, waombe wote wenye watoto wa chini ya miaka miwili walete kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Kiwekwe mezani. Somo hili halisomeki vizuri bila hivyo vitabu.

Tuanze na pesa. Chanjo za mtoto katika kliniki ya serikali ni bure. Tunalisema wazi kwa sababu wengi wetu tulizoea mambo mengine. Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada hospitalini, ule mpango wa kuchangia gharama. Baadaye, mwaka 2004, ada ikawa shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. Juni 2013 ada hizo za zahanati na vituo vya afya ziliondolewa, lakini mtu aliyewahi kurudishwa dirishani kwa kukosa shilingi ishirini hasahau upesi. Mpaka leo kuna mama anayengoja mwisho wa mwezi ndio apeleke mtoto kuchanjwa. Mama, usingoje. Chanjo zilizo kwenye ratiba ya taifa hazilipiwi, uwe umelipa mchango wa SHA au hujalipa.

Vituo vya makanisa na kliniki za watu binafsi hupata chanjo hizo hizo kutoka kwa serikali, lakini zingine hutoza kitu kidogo cha kadi au cha huduma. Kwa hivyo uliza kabla ya kupanga foleni: "Hapa mnatoza chochote kwa chanjo ya mtoto?" Kuuliza si kukosa adabu.

Sasa fungueni vitabu. Mtoto akizaliwa hudungwa BCG ya kuzuia kifua kikuu, mkono wa kushoto, na kupewa matone ya polio. Baada ya wiki kadhaa hapo pa BCG hutoka kidonda kidogo, halafu kinaacha kovu. Usipake dawa wala majivu. Kiache. Kisha kuna safari tatu: wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Ndipo mtoto anapata matone ya polio na ile sindano moja yenye kinga ya mambo matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina ya B, na vijidudu vya Hib vinavyoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Hiyo ya tano kwa moja ilianza Kenya mwaka 2001. Nyingine ya nimonia iliongezwa 2011, ya kuhara kwa virusi vya rota 2014, na sindano ya polio mwishoni mwa 2015. Nyanya aliyelea watoto miaka ya 1980 atashangaa kuona mjukuu akidungwa mapaja yote mawili siku moja. Nyanya, nesi hajakosea. Wakati wako baadhi ya hizo hazikuwako.

Kisha ni miezi 9, surua na rubela, halafu miezi 18, surua na rubela tena. Hapa tukae kidogo, kwa maana ndipo vitabu vingi huachwa wazi.

Mtoto mchanga huzaliwa na kinga aliyopata kwa mama yake akiwa tumboni. Kinga hiyo ikiwa bado ina nguvu, huizima chanjo ya surua kabla haijafanya kazi. Ikiisha, mtoto yuko wazi. Ukichanja mapema mno umeipoteza chanjo, ukichelewa ugonjwa unaweza kutangulia. Utafiti uliofanywa hapa Kenya miaka ya 1970 ulisaidia Shirika la Afya Duniani kufikia huo umri wa miezi 9. Na hapa hapa Machakos, upande wa Matungulu na Mbiuni, watafiti wa Kenya na Uholanzi walifuatilia surua na kifaduro miaka hiyo hiyo. Wafanyakazi wao walikuwa wakitembelea maboma kila wiki mbili, wakiuliza nani anakohoa na nani ametoka vipele. Kwa hivyo mtu akikwambia chanjo ni mambo ya kuletwa kutoka mbali, mwambie watu wa Matungulu walihesabiwa watoto wao nyumba kwa nyumba ili mambo haya yajulikane.

Na kwa nini mara ya pili? Kati ya watoto 100 wanaochanjwa surua wakiwa na miezi 9, kama 15 hawashiki kinga, na kwa macho huwezi kujua ni nani. Dozi ya miezi 18, ambayo Kenya iliianza mwaka 2013, huwapata wengi wa hao. Surua huenea kwa hewa, upesi kuliko karibu ugonjwa wowote mwingine, na kuizuia inataka kama watoto 95 kati ya 100 wawe na kinga. Katika ploti yenye vyumba kumi na choo kimoja, kikohozi cha mtoto mmoja ni cha ploti nzima. Lakini mtoto wa miezi 18 anatembea, anakula ugali, haugui, na mama amesharudi kazini. Ndio hapo tarehe inapita.

Hebu tuseme ukweli kuhusu hilo la kazi. Sindano ni bure, lakini siku ya mama si bure. Anayeshona nguo EPZ akikosa shifti anakosa mshahara wa siku. Wa kibarua asipofika langoni asubuhi, nafasi yake inachukuliwa. Anayeuza mboga akifunga kibanda, sukuma inanyauka. Huyo mama akifika kliniki saa nne akaambiwa, "Surua ni Alhamisi, rudi," amepoteza siku moja na anadaiwa ya pili. Sisi hatuoni haki kumwita huyo mzembe.

Tena inafaa kujua kwa nini anaambiwa arudi. Chupa ya surua na rubela ina dozi 10, na ya BCG ina dozi 20. Zikishachanganywa na maji yake, lazima zitumike ndani ya saa 6, kinachobaki kinamwagwa. Nesi mwenye mtoto mmoja mbele yake anaona dozi tisa zikienda kwenye taka, kwa hivyo vituo vingine hukusanya watoto siku moja. Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa maana dozi inaweza kuletwa tena lakini mama huenda asirudi. Nasi tunakubali. Lakini mpaka hilo lifuatwe kila mahali, kikundi kinaweza kusaidia pande zote mbili. Mtu mmoja aende kituoni kuuliza siku za surua na za BCG, aziandike. Wenye watoto waliofikisha umri waende pamoja siku hiyo, wakifika mapema. Asiyeweza kuacha kazi ampe mwenzake mtoto na kitabu. Nyanya, shangazi au jirani anaweza kumpeleka, bora awe na kitabu. Nauli itoke kwenye mfuko wa kikundi kama vile mnavyotoa kwa matanga. Ukambani tunalo neno la kazi ya namna hii, mwethya, na wengi wanadhani ni la kuchimba matuta na mabwawa tu.

Kuna jambo lingine linalowazuia akina mama, na halisemwi sana: kuogopa kugombezwa. Mama amekosa tarehe miezi minne, anajua nesi atauliza mbele ya watu, basi anakaa nyumbani, na miezi minne inakuwa kumi. Mwambieni hivi: dozi iliyokwisha kuingia haifutiki. Mtoto aliyepata ya wiki 6 akakosa ya wiki 10 haanzi upya, anaendelea pale alipoachia. Mafua kidogo pia si sababu ya kurudishwa. Mama kama huyu asiende peke yake. Mwanakikundi asimame naye kwenye foleni. Mara nyingi inatosha.

Na waliopoteza vitabu? Hapa Mavoko watu wanahama. Wengine wanahama kwa kodi, wengine kwa tingatinga, kama ilivyokuwa Oktoba 2023 nyumba zilipobomolewa kwenye ardhi ya kiwanda cha saruji cha East African Portland. Mtu anayeokoa godoro na sufuria hakumbuki kitabu. Kituo alikochanjwa mtoto kina rejista yake, rudini mkaulize mkiwa na jina na tarehe ya kuzaliwa. Ikishindikana, nendeni kituo kilicho karibu. Nesi atatazama kovu la BCG na kupanga upya. Dozi ambayo haina maandishi huhesabiwa haikutolewa, na kuirudia si hatari. Kikundi nacho kiwe na daftari lake: jina la mtoto, siku aliyozaliwa, dozi alizopata. Mwonyesheni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, mmoja wa wale kama 100,000 ambao serikali iliwatuma nchini kote Septemba 2023. Ana nyumba zake za kutembelea, na daftari lenu litampunguzia kazi.

Juu ya hofu ya sindano yenyewe: mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitilia shaka kampeni ya pepopunda kwa wanawake, wakidai chanjo ile ilikuwa na homoni ya kuzuia uzazi. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Maneno yale bado yanazunguka vijijini, tena sasa yanapachikwa kwa chanjo zote, hata za watoto, ambazo hayakuzihusu. Mama mjamzito adungwe ya pepopunda. Inamkinga yeye, na inamkinga mtoto anapokatwa kitovu.

Msimsahau msichana pia. Tangu Oktoba 2019 wasichana kuanzia miaka 10 wanapata, bila malipo, chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi.

Wakati mwingine mtafika na chanjo haipo. Katikati ya mwaka 2025 nchi ilipungukiwa na BCG na polio. Ikitokea hivyo, acheni majina ya watoto na namba ya simu ya kikundi kwa nesi, na mrudi kuuliza kila wiki. Vilevile mpelekeeni habari mjumbe wenu wa wadi, kwa barua yenye sahihi zenu. Tangu 2013 zahanati na vituo vya afya viko chini ya kaunti, na barua ya kikundi ni vigumu kuitupa kuliko malalamiko ya mama mmoja.

Maswali ya kuzungumzia: Katika vitabu vilivyo mezani, ni vingapi vimeachwa wazi baada ya miezi 9? Kituo kilicho karibu nasi hutoa surua siku gani, na nani ataenda kuuliza kabla ya mkutano ujao? Nani katika ploti zetu ana mtoto mdogo na hayuko katika kikundi chochote?