Uhakiki wa Somo: Kazi ya Mkufunzi wa Walimu wa Humanite

Tuwaze darasa moja la mwaka wa mwisho wa humanite huko Cimpunda, katika komine ya Kadutu. Wanafunzi wamebanana kwenye mabenchi. Mbele amesimama mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu, yuko kwenye staji, ana chaki mkononi na fishi ya matayarisho mezani. Nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho, ameketi mkufunzi mwenye miaka mingi ya kazi. Somo ni Kifaransa: namna ya kuandika insha. Kengele inalia, wanafunzi wanatoka, na wale wawili wanabaki.

Makala haya yanahusu hiyo robo saa inayofuata. Wengi wetu katika kitivo cha lugha tutakuwa walimu wa sekondari, na baadhi yetu siku moja tutakaa kwenye lile benchi la nyuma. Hoja yangu ni hii: uzoefu wa mkufunzi haupimwi kwa wingi wa makosa anayoyaandika katika daftari lake. Unapimwa kwa swali analolichagua, na kwa lugha anayoiruhusu jibu litolewe.

1. Mkufunzi na fundi

Tuanze na maneno. Katika mzizi mmoja tunapata kufunda, kufunza, kufundisha, mafunzo, mwanafunzi na fundi. Nchini Tanzania, mkufunzi ni jina la mwalimu wa chuo cha ualimu, yaani yule anayefundisha watakaofundisha. Hapa Bukavu tunasema zaidi inspekta, mwalimu wa staji, au tunaazima neno la Kifaransa. Mimi nitatumia mkufunzi kwa wote hao, kwa sababu neno hilo linatukumbusha undugu wake na fundi.

Undugu huo una faida, lakini una mpaka wake. Kijana anayejifunza useremala anasimama karibu na fundi wake. Mbao ikipasuka, wote wawili wanaiona, na fundi anaonyesha kwa mkono wake namna ya kushika randa. Katika kufundisha, kinachopasuka hakionekani hivyo. Mwanafunzi anajibu vibaya, mwalimu anaamua kwa nukta chache: asahihishe, aulize tena, aite mwingine, au apite? Uamuzi huo uko kichwani mwake. Mkufunzi aliyeketi nyuma anaona tendo, haoni sababu. Ili aione, lazima amfanye mwalimu aiseme. Ndiyo maana uhakiki wa somo si nyongeza ya mafunzo ya ualimu. Ni mahali ambapo kazi yenyewe inafanyika.

2. Wakufunzi wetu na mizigo yao

Katika nchi yetu, vyuo vya ISP ndivyo vilivyopewa hasa kazi ya kuandaa walimu wa sekondari. Mwaka 1971 viliingizwa pamoja na vyuo vikuu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, na baada ya chombo hicho kuvunjwa mwaka 1981 kila chuo kilirudi kujisimamia. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka elimu ya msingi ya miaka 8, kisha humanite, ambazo katika mzunguko mrefu ni miaka 4. Mwishoni kuna Mtihani wa Serikali, ulioanza mwaka 1967, ule ambao kila mtu anauita Exetat. Insha ya Kifaransa inaandikwa katika sehemu inayotangulia, kabla ya siku za kikao cha kawaida.

Baada ya chuo, mwalimu anakutana na inspekta. Huyu ana kazi tatu: kudhibiti, kuwafunza walimu na kutathmini. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Mtu mmoja anashika kalamu inayotoa alama na, kwa mkono uleule, anataka aambiwe ukweli. Mwanafunzi wa staji yuko katika hali hiyohiyo mbele ya mkufunzi wa chuo: yule anayemuuliza kwa nini alisita ndiye atakayeandika ngapi kwa ishirini. Nani atasema wazi, “Hapo sikuelewa mwenyewe ninachofundisha”? Atajibu kwa maneno ya kitabu cha mbinu, na mkufunzi hatajifunza lolote kumhusu.

3. Somo moja, uhakiki wa namna mbili

Turudi darasani. Mwalimu wetu alikuwa akifundisha namna ya kukubali hoja ya mpinzani kabla ya kuipinga, kitu ambacho insha ya mwaka wa mwisho haiwezi kukikwepa. Mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni: Bien qu'il pleuve, mais il est venu. Mwalimu alifuta neno mais, akasema, “Hapana, hilo ni kosa,” akaendelea. Katika dakika kumi zilizofuata, wanafunzi wengine wawili waliandika mais mahali palepale.

Uhakiki wa kwanza tunaujua sote. Mkufunzi anafungua daftari: ubao haukugawanywa vizuri, lengo la somo katika fishi halipimiki, sauti ilikuwa ndogo, muda wa mazoezi ulikuwa mfupi, kosa la mais lilijirudia. Yote ni kweli. Mwalimu anasema, “Asante, Papa,” anaandika, na kesho ubao wake umegawanywa vizuri sana. Lakini mais bado ipo.

Uhakiki wa pili unaanza kwa swali moja.

“Mwalimu, ile mais, unafikiri mtoto aliitoa wapi?”

“Hakujua kanuni, Papa.”

“Kanuni ipi? Pleuve ameiandika sawa.”

Mwalimu ananyamaza. Kweli, mwanafunzi yule alipata kitu kigumu zaidi katika sentensi nzima: alitumia hali tegemezi baada ya bien que. Wino mwekundu haukuliona hilo.

“Sasa sema sentensi ileile kwa Kiswahili. Si cha kitabu. Cha kwenu.”

“Hata kama mvula inanyesha, lakini alikuya.”

“Lakini?”

Mwalimu anacheka. “Njo vile tunasemaka ku nyumba.”

Hapo kosa limepata mama na baba. Katika Kiswahili tunaweza kuanza na hata kama au ingawa, kisha tukafungua sehemu ya pili kwa lakini. Hata katika maandishi ya Kiswahili sanifu tunaikuta jozi hiyo. Viungo viwili vinashikana mikono kuvuka sentensi. Kifaransa sanifu kinataka kimoja tu: ama bien que, ama mais. Na kuna jambo la pili: baada ya ingawa, kitenzi cha Kiswahili kinabaki na kiambishi chake cha wakati, kile kiishio cha -e tunakitumia kwa maombi, amri na makusudi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeandika pleuve alivuka mto mpana, kisha akajikwaa kwenye kijito. Mwalimu anayejua hivyo hatafuta neno na kupita. Ataandika sentensi mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, na kuwauliza wanafunzi wahesabu viungo.

4. Ujuzi wa namna ya tatu

Mwaka 1986 Lee Shulman, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliandika kwamba watu walikuwa wametenganisha mno mambo mawili: kujua somo na kujua kufundisha. Kati yake, alisema, kuna ujuzi wa namna nyingine: kujua jinsi somo hili hasa linavyoeleweka na linavyopotoshwa na wanafunzi hawa hasa, na mifano gani inafungua mlango. Mtu anaweza kujua sarufi yote ya Kifaransa na mbinu zote za kuongoza darasa, na bado asijue ile mais inatoka wapi.

Hapa tunaona pia kwa nini mwalimu bora si lazima awe mkufunzi bora. Mwalimu mzoefu hulitatua tatizo kabla halijazaliwa. Ameshazoea, hafikirii tena. Akiombwa aeleze, anasema, “Fanya hivi.” Mkufunzi lazima arudi nyuma, atafute maneno ya kile anachokifanya bila maneno, na avumilie kumwona mwingine akikitafuta polepole. Kuna walimu wakubwa wasioweza uvumilivu huo, nasi hatuwapunguzii heshima kwa kusema hivyo.

5. Somo kutoka Kenya

Mfano mzuri wa kujenga kundi la wakufunzi katika ukanda wetu ni mradi wa SMASSE, ulioanza Kenya mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani. Lengo lilikuwa kuimarisha hisabati na sayansi katika sekondari. Ulianza katika wilaya 9 za majaribio. Kuanzia mwaka 2003 ukapanuliwa kwa nchi nzima. Kituo chake, CEMASTEA, kiko Karen, Nairobi. Utaratibu ulikuwa wa ngazi: wakufunzi wa taifa wanawafunza wakufunzi wa wilaya, nao wanawafunza walimu wakati wa likizo. Mafunzo yaligawanywa katika mizunguko minne, na mzunguko wa kwanza ulihusu mtazamo wa walimu kuelekea somo lao na wanafunzi wao. Katikati ya yote kulikuwa na mwendo rahisi kukumbuka: panga, tenda, tazama, boresha.

Mambo mawili hapo yanatuhusu. Kwanza, wakufunzi wa wilaya walikuwa walimu wanaoendelea kufundisha, hivyo mafunzo hayakutoka kwa mtu aliyesahau harufu ya chaki. Pili, ngazi ina hatari yake: maji yanayomwagwa kutoka ndoo hadi ndoo hupungua. Ubao uliogawanywa vizuri unashuka ngazi zote bila shida, kwa sababu unaonekana. Swali la “alitoa wapi?” ndilo linalomwagika njiani, kwa sababu haliwezi kuandikwa katika kijitabu, linategemea mwanafunzi wa siku ile. Wajapani wenyewe wana desturi ya zaidi ya karne moja ya walimu kutayarisha somo pamoja, kulitazama likifundishwa na kulijadili. Katika desturi hiyo kinachojadiliwa ni somo na fikra za wanafunzi. Mwalimu aliyesimama mbele hawekwi kizimbani.

6. Lugha ya uhakiki

Baadhi ya wasomaji watauliza: je, uhakiki wa somo la Kifaransa ufanywe kwa Kiswahili? Katiba ya mwaka 2006 inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi na kukiweka Kiswahili pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Humanite zinafundishwa kwa Kifaransa, Exetat ni kwa Kifaransa, na ripoti ya inspekta ni kwa Kifaransa. Mwalimu asiyezoea kuizungumzia kazi yake kwa Kifaransa atapata aibu mbele ya wakubwa. Pingamizi hilo ni zito na silidharau.

Jibu langu ni kutenganisha nyakati. Kuna wakati wa kutafuta na wakati wa kuandika. Mwalimu anapotafuta kwa nini aliamua vile, anahitaji lugha ambayo haimtoi jasho. Katika mazungumzo yale ya juu, Kiswahili hakikuwa njia ya kukwepa Kifaransa. Ndicho kilichokuwa ushahidi. Bila sentensi ya “hata kama mvula inanyesha”, kosa lisingeeleweka. Kisha, baada ya kuelewa, mwalimu huyohuyo aliandike jambo hilo kwa Kifaransa safi katika fishi yake ya kesho. Na kwa kuwa sasa ana kitu cha kusema, Kifaransa chake hakitakuwa cha kukariri.

7. Kwa vitendo

Kutokana na hayo, napendekeza mambo manne kwa uhakiki wa staji zetu.

Kwanza, mkufunzi arudi na jibu moja la mwanafunzi, limeandikwa neno kwa neno, na mazungumzo yaanzie hapo. Pili, mwalimu aseme kwanza, mkufunzi asubiri. Tatu, angalau ziara moja isiwe na alama, na mwalimu aambiwe hivyo kabla hajaingia darasani. Nne, mambo ya ubao, sauti na muda yaandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa. Hayahitaji robo saa ya watu wawili.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloomba fedha. Yanaomba mkufunzi akubali kutojua jibu kabla ya kuuliza, na hilo kwa mtu mwenye miaka mingi ya kazi ndilo gharama kubwa. Lakini mwanafunzi wa Cimpunda ataingia kwenye chumba cha mtihani peke yake, na ile mais ikiwa bado mkononi haitamuuliza ubao wa mwalimu wake uligawanywa namna gani.

Maswali ya kujadili

1. Tafuta katika madaftari ya wanafunzi wa humanite kosa moja la Kifaransa linalojirudia. Je, sentensi hiyo inasemwaje katika Kiswahili cha Bukavu, au katika Mashi?
2. Andika uhakiki wa namna mbili wa somo ulilolishuhudia: mmoja wa orodha, mwingine wa swali moja. Linganisha kile ambacho mwalimu angeweza kubadilisha kesho yake.
3. Je, mtu mmoja anaweza kuwa inspekta anayetoa alama na mkufunzi anayesikiliza? Toa sababu, kwa kutumia ulichokiona katika staji yako.