Mesoni Haiozi: Mtihani Mmoja wa Istilahi

Katika mtaa wa Kaloleni, Nairobi, Kiswahili ni lugha ya soko, ya uwanja na ya ibada. Lakini mwanafunzi aingiapo darasa la fizikia, hukiacha mlangoni. Je, Kiswahili hakina maneno? Makala haya yanashikilia kwamba tatizo kubwa zaidi ni kuteua neno kabla ya kulielewa tukio. Mfano wetu ni pioni, mesoni nyepesi kuliko zote, inapotoweka na kuacha elektroni, nyutrino na fotoni.

Neno lijalo ulimini upesi ni "kuoza". Lakini kiozacho huchakaa, ilhali pioni haichakai: uwezekano wake wa kutoweka katika nukta ijayo ni uleule, iwe changa au kongwe. "Kuvunjika" nako kunapotosha. Vigae vya kikombe vilikuwamo kikombeni. Elektroni na fotoni hazikuwamo ndani ya pioni. Kwa hiyo tuseme "mgeuko".

Tuanze na kinematiki, yaani hesabu ya mwendo na nishati. Pioni iliyotulia ikigeuka kuwa chembe mbili, kila moja hupata nishati maalumu. Fotoni ikiongezeka, chembe tatu hugawana: fotoni huweza kupata kuanzia karibu sifuri hadi takribani MeV 70, nusu ya MeV 139.6 za pioni.

Amplitudo nayo ni namba ambayo mraba wa ukubwa wake hutoa uwezekano wa tukio. Spini, yaani mzunguko wa asili, ya pioni ni sifuri. Hivyo pasipo fotoni, elektroni hulazimika kuelekeza spini yake upande ambao kani dhaifu huukubali kwa kadiri ya tungamo la elektroni tu, nalo ni dogo mno. Ndiyo maana mgeuko huo, ulioonekana CERN mwaka 1958, hutokea takribani mara 1 kwa kila migeuko 8,000 ya kutoa myuoni. Fotoni ikiwapo, amplitudo huwa na sehemu mbili. Ya kwanza hutokana na chaji za chembe, nayo hurithi kizuizi kile. Ya pili hutokana na muundo wa ndani wa mesoni. Hii haizuiwi hivyo, kwa kuwa fotoni hubeba spini yake. Fotoni basi hutuonjesha siri za ndani ya mesoni.

Anayesema "imevunjika" atadhani fotoni ni kigae tu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilifungua njia. Sasa wanaisimu na wanafizikia wakae meza moja, wapime kila istilahi kwa tukio lenyewe, ili mwana wa Kaloleni aifikirie sayansi kwa lugha anayoiotea ndoto.