Kwa Baiskeli Kando ya Ziwa Kivu: Maswali na Majibu

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume, Magdeleine Vallieres wa Kanada akashinda za wanawake, na watazamaji wa televisheni wakaviona vilima vya Rwanda. Lakini msafiri wa baiskeli, yule anayebeba mzigo wake na kulala pale anapofika, nchi yake hasa iko magharibi zaidi, kando ya Ziwa Kivu. Haya ndiyo maswali ambayo anayepanga safari hiyo anapaswa kuyajibu kabla ya kufunga mizigo.

Njia yenyewe inaanzia wapi na kuishia wapi?

Inaanzia Rubavu, mji ambao wengi bado wanauita Gisenyi, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, na kuishia Kamembe wilayani Rusizi, kwenye ncha ya kusini. Katikati unapita Rutsiro, Karongi (Kibuye ya zamani) na Nyamasheke. Watalii wanaijua kama Congo Nile Trail, na urefu wake ni kilomita 227.

Ukielekea kusini, ziwa liko mkono wako wa kulia na kushoto kuna safu ya milima inayogawa maji ya mito miwili mikubwa ya Afrika. Mvua inayonyesha ng'ambo ya safu hiyo huingia Nyabarongo, kisha Akagera, Ziwa Viktoria na Nile. Inayonyesha upande wako huteremka Kivu, hutoka kwa Mto Rusizi hadi Tanganyika, na mwisho wake ni Mto Kongo.

Ipo njia ya vumbi na ipo barabara ya lami. Kati ya Rubavu na Karongi, njia ya vumbi ndiyo inayoshikamana na ziwa na vijiji vyake. Kusini mwa Karongi utapita kwenye lami zaidi, huku ukichepuka kwenye vumbi unapotaka.

Kwenye ramani njia inafuata ufuko tu. Vilima vinatoka wapi?

Vinatokana na jinsi ziwa lilivyozaliwa. Zamani za kale maji ya bonde hili yalitiririka kuelekea kaskazini. Volkano za Virunga zilipochomoza zikayaziba, maji yakajaa nyuma yake na kuingia ndani ya mabonde ya vijito. Ndiyo maana ufuko wa Kivu umejaa ghuba na rasi. Kila kijito kinachotoka mlimani kimechimba bonde lake, na njia haina budi kuyavuka yote: unateremka hadi kwenye daraja la magogo, unavuka, unapanda hadi mgongo wa kilima, unaliona ziwa lote, halafu unateremka tena. Hakuna mlima mmoja wa kutisha. Kinachochosha ni wingi wa vilima vidogo.

Tena uso wa ziwa wenyewe uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa ataisikia tofauti hiyo kifuani tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo usipange safari kwa kilomita. Arobaini za vumbi huko ni kazi ya kutwa.

Nitenge siku ngapi, na nianzie upande gani?

Wengi hupanga siku tano. Mimi nashauri saba, kwa sababu mwenye siku tano atapita mbele ya mambo muhimu akiwa anatazama saa. Mgawo mzuri ni huu: Rubavu hadi Kinunu, Kinunu hadi Karongi, siku ya kukaa Karongi, siku ya kupanda Bisesero, kisha Mugonero, Kibogora na hatimaye Kamembe.

Anzia kaskazini. Rwanda magari hupita kulia, si kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Ukielekea kusini, upande wako wa barabara ndio ulio karibu na ziwa, na unaweza kusimama popote bila kukatiza magari. Mwenye mazoea ya kushoto awe mwangalifu hasa asubuhi anapotoka lango la nyumba ya wageni, maana akili hurudia mazoea pale barabara inapokuwa tupu.

Baiskeli gani inafaa?

Yenye gia nyepesi. Gia ndogo ya mbele iwe na meno 30 au pungufu, na kubwa ya nyuma iwe na meno 34 au zaidi. Tairi ziwe na upana wa milimita 40 hadi 50, kwa sababu vumbi la kiangazi lina mawe yaliyolegea. Mzigo uwe kwenye mifuko ya pembeni ya keria, chini kadiri iwezekanavyo. Mzigo wa mgongoni utakuumiza kiuno kwenye kila mpando.

Breki zinahitaji uangalizi kuliko kitu kingine chochote. Usizibane mfululizo kuanzia juu hadi chini, kwani zikipata moto zinapoteza nguvu. Bana kabla ya kona, achia, bana tena. Beba raba za breki za akiba, tyubu mbili, viraka, pampu, spoku chache, waya wa gia na kiungo cha mnyororo. Mafundi wapo kila senta, na ni hodari wa kuziba pancha na kunyoosha rimu iliyopinda. Ila vipuri walivyonavyo ni vya baiskeli kubwa za kubebea mizigo, ambazo ndizo uti wa mgongo wa uchukuzi wa huko: mikungu ya ndizi, magunia ya viazi, madumu ya maji, na abiria kwenye keria.

Ni historia gani ninayoweza kuiona kutoka kwenye tandiko?

Nyingi, na sehemu yake ni historia yetu wote. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwami Kigeli Rwabugiri alikuwa na makazi ya kifalme kando ya ziwa hili, Rubengera yakiwemo, na kutoka ufuko huu alipeleka majeshi kukiteka Kisiwa cha Ijwi, ambacho utakiona majini siku kadhaa mfululizo. Mwaka 1894 alitembelewa na Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, ambaye baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ndiye aliyeongoza serikali iliyozima Vita vya Maji Maji kwa mtutu na njaa. Hadi 1916, majeshi ya Ubelgiji yalipoingia, Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa sehemu ya koloni hilo moja.

Rubengera, karibu na Karongi, kuna misheni ya Kiprotestanti iliyoanzishwa na Wajerumani wa Bethel. Hao walikuwa wameshafanya kazi Usambara kabla ya kuingia Rwanda mwaka 1907. Kusini zaidi, Shangi, jeshi la Rwanda lilishindwa mwaka 1896 na kikosi chenye bunduki kilichotoka Kongo chini ya Wabelgiji. Miaka michache baadaye Richard Kandt, daktari aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, alijenga makazi yake huko huko Shangi. Ndiye aliyekuja kuanzisha mji wa Kigali.

Na kumbukumbu za mauaji ya kimbari ya 1994? Ni sawa kwenda na baiskeli?

Ni sawa, na ni wajibu. Asiyesimama hapo hajaielewa nchi anayopita.

Karongi, kanisa Katoliki limejengwa kwenye rasi juu ya maji, mahali pazuri mno. Tarehe 17 Aprili 1994 maelfu ya Watutsi waliokuwa wamekimbilia kanisani humo na kwenye nyumba ya Home Saint-Jean iliyo jirani waliuawa. Kesho yake ikawa zamu ya waliokusanywa katika uwanja wa michezo wa Gatwaro. Aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye, Clément Kayishema, alishtakiwa Arusha mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na mwaka 1999 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Bisesero iko juu milimani, na kuifikia ni kupanda karibu njia nzima. Watutsi wa huko hawakungoja kuuawa. Walijikusanya kwenye kilima cha Muyira, wakajitetea kwa mawe na mikuki kwa wiki kadhaa dhidi ya watu wenye bunduki na maguruneti, hadi shambulio kubwa la 13 Mei lilipovunja ngome yao. Wanajeshi wa Ufaransa walifika tarehe 27 Juni, wakawaona walionusurika, wakaondoka. Waliporudi siku tatu baadaye, mamia zaidi walikuwa wamekwisha kuuawa. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza Bisesero katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na Nyamata, Murambi na Gisozi.

Ukifika, shuka na ukokote baiskeli kabla ya lango. Vua kofia na miwani. Usipige picha ndani bila ruhusa, na kamwe usimuulize mtu kabila lake. Wape waongozaji nafasi ya kutosha ya kusimulia: wengine wao wanasimulia habari za ndugu zao wenyewe. Ukipita huko kuanzia tarehe 7 Aprili utakuta wiki ya maombolezo, hivyo muziki na sherehe viache kabisa.

Niende msimu gani?

Juni hadi katikati ya Septemba ndio wakati bora. Januari na Februari pia panapitika. Masika, Machi hadi Mei, usiende kwa njia ya vumbi. Udongo unanata hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na hatari kubwa zaidi ni maporomoko. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na Rutsiro, Karongi na Rubavu zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana.

Nitakula nini, na nitalala wapi?

Hutalala njaa. Ndizi za kupika, viazi, maharage, mishikaki ya mbuzi, chai ya maziwa na mandazi vipo karibu kila senta. Ziwani kuna sambaza, samaki wadogo wanaokaangwa wakavu na kuliwa na pilipili. Ni jamaa wa dagaa wa Kigoma: mbegu yao ililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Jioni nenda ufukoni Karongi uwatazame wavuvi wakitoka. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja, miti mirefu ikachomoza mbele na nyuma kushikilia wavu, na wapiga kasia huimba kwa kupokezana ili makasia yaende pamoja. Wakifika kilindini huwasha taa kuvuta samaki.

Nyumba za wageni zipo, zikiwemo za parokia na za misheni, ambazo ni safi na bei yake ni nafuu. Kinunu utalala jirani na mtambo wa kuosha kahawa. Msimu wa mavuno ukiwa bado haujaisha utaona meza ndefu za nyavu zimetandazwa buni, na kina mama wakichambua punje mbovu moja moja kwa vidole.

Usalama na sheria je?

Upande wa Rwanda njia ina watu na askari muda wote. Upande wa pili, wa Kongo, hali ni nyingine: Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23, na Februari Bukavu, na makombora yaliua watu hata Rubavu. Usipange kuvuka mpaka, na wiki ya safari waulize wenyeji wa Rubavu na Kamembe hali ilivyo.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, basi funga nguo zako kwenye mifuko ya turubai. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi ni umuganda, watu wote wanafanya kazi za jamii na maduka yamefungwa. Pumzika, au shika jembe nao. Usining'inie nyuma ya lori kwenye mpando: polisi wanakamata, na vijana wengi wamekufa hivyo. Saa za Rwanda ziko nyuma ya za Tanzania na Kenya kwa saa moja, kwa hiyo rekebisha saa yako. Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi huko tangu 2017, kitakusaidia sana Rubavu na Kamembe. Vijijini jifunze angalau "muraho" (hujambo) na "murakoze" (asante).

Kwa nini nisipite lami tu nikamaliza haraka?

Unaweza, na lami yenyewe ni nzuri. Lakini ukiwa na nguvu za kupita vumbi, pita vumbi. Huko ndiko utasalimiwa, utaonyeshwa kisima, utasukumiwa baiskeli na watoto waliotoka shule, na utaelezwa ni nani alijenga nini na nani alifia wapi. Tenga siku saba, kagua breki, weka gia nyepesi, na usiondoke Karongi kabla hujapanda Bisesero.