SOMO LA ROBO HII: KUIRUDISHA KOMPYUTA YA USHARIKA KWENYE WINDOWS YA ZAMANI

Andiko la kusoma pamoja: Luka 14:28–30

Somo la toleo hili limetokana na swali ambalo limetufikia ofisini mara nyingi, kutoka Njombe mjini na kutoka upande wa Makambako: "Laptopu tuliyopewa ni nzito, programu yetu ya kuandikia sadaka haifunguki, na printa haisomi. Je, tumwambie fundi aturudishie Windows ya zamani?"

Jibu letu ni kwamba inawezekana, na mara nyingine ndiyo njia sahihi. Lakini ipo Windows ya zamani ambayo mtu anaweza kuirudia, na ipo ambayo asiiguse tena. Na kabla ya hayo yote, ndani ya mashine hiyo mna majina ya watu.

Kilichomo ndani ya mashine

Kompyuta ya usharika haichapi matangazo ya Jumapili tu. Ina orodha ya washarika na ahadi zao, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, majina ya wakulima wa parachichi waliopewa miche, na orodha ya watoto yatima wanaonunuliwa sare na madaftari. Katika sharika nyingi ina pia taarifa za wagonjwa wanaotembelewa nyumbani. Sote tunajua hali ya mkoa wetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 uliukuta Njombe ukiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Orodha ya WAVIU ikitoka nje ya ofisi ya usharika, mtu anaweza kupoteza ndoa, kibarua, au imani yake kwa kanisa lililoahidi kumtunzia siri.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Anayezikusanya ndiye anayewajibika kuzilinda, na kamati ya usharika ni mkusanyaji kama wakusanyaji wengine.

Tunayasema haya kwa sababu ya yaliyoupata usharika mmoja wa upande wa Makambako. Kamati iliamua kompyuta irudishwe Windows 7, ikapelekwa kwa fundi, na fundi akaipiga Windows mchana mmoja. Kazi aliifanya kama alivyoagizwa. Hakuna aliyemwambia kilichomo ndani, naye hakuuliza, hivyo diski ilifutwa yote. Mashine ilirudi ikiwa nyepesi, watu wakafurahi kwa siku chache. Kisha mhazini akatafuta hesabu za kikundi cha wakulima za miaka miwili, hazipo. Kilichookoa fedha ni daftari la kaunta ambalo mama huyo hakuacha kuliandika hata baada ya kompyuta kuja. Orodha ya watoto ilibidi ichapwe upya kutoka kwenye fomu za karatasi, na baadhi ya fomu zilikuwa zimeliwa na panya. Zaidi ya hapo, kiprogramu kilichotumika kuidanganya Windows hiyo kwamba ina leseni kilikuja na virusi, na kila fleshi iliyochomekwa ikatoka na mafaili yamegeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka.

Mwaka 2007 na sasa

Wengi wanaoshauri kurudi nyuma wanakumbuka miaka ya Vista. Windows Vista ilipoanza kuuzwa mwanzoni mwa mwaka 2007, ilizielemea kompyuta nyingi za wakati ule na vifaa vingi havikuelewana nayo. Watu duniani kote wakairudia Windows XP. Microsoft yenyewe iliruhusu wenye leseni ya Vista Business na Vista Ultimate kushuka hadi XP Professional bila kununua leseni nyingine. Ulikuwa ushauri mzuri kwa wakati ule, maana XP iliendelea kupokea viraka vya usalama hadi tarehe 8 Aprili 2014. Aliyerudi alirudi kwenye nyumba yenye mlinzi.

Windows 7 mlinzi wake aliondoka tarehe 14 Januari 2020. Windows 8.1 ilifuata tarehe 10 Januari 2023. Baada ya tarehe kama hizo mashine inawaka na kuandika barua vilevile, na ndiyo maana watu hawaoni tatizo. Lakini tundu jipya likigunduliwa haliziibwi tena. Mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia, zikiwemo kompyuta za hospitali nchini Uingereza. Kiraka cha Windows 7 kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo huo. Walioumia wengi ni wale ambao hawakukiweka. Anayeweka Windows 7 leo hana kiraka cha kungojea. Hata kivinjari cha Chrome kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 mwanzoni mwa 2023, na tovuti za benki zinazidi kukataa vivinjari vya zamani.

Kwa hiyo, kwa mashine inayoingia kwenye intaneti au kupokea fleshi za watu, Windows 7 hatuishauri kabisa. Printa ikikataa kusoma, tafuteni kwanza draiva yake mpya, yaani kile kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Kama haipo, ni nafuu kubadilisha printa.

Windows 10 je? Hapo pana nafasi, ila ni nyembamba. Huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta za watu binafsi Microsoft iliweka utaratibu wa kujiandikisha ili kuendelea kupata viraka, ukiwa umepangwa kuishia tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa taasisi ni malipo, yanayoweza kuendelea hadi Oktoba 2028: bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, ikiongezeka maradufu kila mwaka unaofuata. Kwa miaka mitatu ni dola 427. Kamati itakayofanya hesabu hiyo kabla ya kuanza ujenzi, kama andiko letu linavyoagiza, itaona kwamba fedha hiyo haifai kutumika kuishikilia mashine iliyochoka.

Je, kosa ni la Windows kweli?

Hapa ndipo tungependa kamati zikae kwa muda mrefu zaidi. Laptopu nyingi zinazoitwa nzito, Windows haina kosa nazo. Zina diski ya kuzunguka ya zamani na RAM ya GB 4. Kwa maandishi ya Microsoft, Windows 11 inakubali GB 4, lakini kukubaliwa kuingia ndani si sawa na kupewa kiti. Kwa kazi halisi GB 8 ndiyo mwanzo. Ukiiondoa diski ya zamani na kuweka SSD, ukaongeza RAM pale mashine inaporuhusu, kompyuta ileile iliyokuwa ikiwaka wakati maji ya chai yanachemka itakuwa tayari kabla hujavuta kiti. Kazi hii haichukui siku nzima, na ile diski ya zamani inabaki na mafaili yote kama yalivyokuwa. Ifungieni kabatini.

Kama hamtaki Windows nyingine, kompyuta kuukuu inaweza kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni bure na zinaendelea kulindwa. LibreOffice inafungua nyaraka nyingi za Word na Excel. Jambo hili si geni nchini kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ugumu wake tunaujua. Programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows huenda isifanye kazi humo, na katibu atahitaji wiki kadhaa za kuzoea.

Kama mmeamua kurudi

Kama kompyuta ilipandishwa kutoka Windows 10 kwenda 11 na hazijapita siku 10, hamhitaji hata fundi. Fungueni Settings, kisha System, kisha Recovery, na hapo mtaona "Go back". Mafaili yatabaki, ingawa programu zilizowekwa baada ya kupandisha zitaondoka. Siku 10 zikipita, Windows ya awali hufutwa na njia hiyo hufungwa.

Baada ya hapo kurudi ni kufuta na kuanza upya. Nakilini kila kitu kwenye diski ya nje, halafu nakala nyingine mahali pengine, mfano ofisi ya jimbo. Msisahau kwamba programu za hesabu mara nyingi hazitunzi kazi yake kwenye Documents; zina folda zake, na ndizo zinazopotea. Kisha chukueni nakala hiyo mkaifungue kwenye kompyuta nyingine, mbele ya mhazini, faili kwa faili. Nakala ambayo haijafunguliwa penginepo msiihesabu kuwa nakala. Kwa kuwa ina majina tuliyoyataja, ifungwe kwa neno la siri na isitembee mfukoni kwenye daladala.

Laptopu nyingi mpya hufunga diski yake zenyewe kwa BitLocker. Fundi akianza kugusa mipangilio ya ndani, mashine inaweza kudai ufunguo wenye tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha kwanza, ambaye kwa kompyuta za msaada anaweza kuwa mtu aliyeko Ulaya au Marekani. Mwulizeni kabla, si baada.

Wafadhili, hapa tunasema nanyi. Mkituletea kompyuta iliyotumika, tunaomba iwe na SSD, RAM ya GB 8, imetolewa kwenye akaunti yenu, na iwe na leseni ya Pro. Leseni ya Windows 11 Pro iliyokuja na mashine kutoka kiwandani iliruhusu kushuka hadi Windows 10 Pro wakati Windows 10 ilipokuwa bado inahudumiwa. Ya Home haikuruhusu. Mashine tano za namna hiyo ni msaada mkubwa kuliko ishirini zilizokataliwa na ofisi yenu.

Na kwa sharika: Windows ya kuiba ni wizi. Tunawafundisha watoto wa kipaimara amri ya saba katika Katekisimu Ndogo, na pengine karatasi za somo zimechapwa kwa kompyuta yenye programu ya wizi. Hatuoni namna ya kulizunguka hilo. Anayeshindwa kulipia leseni, Linux ipo.

Katika kikao chenu kijacho, jadilini mambo haya: Ni orodha zipi zimo kwenye kompyuta yetu, na nani anajua neno la siri? Mara ya mwisho nakala ilifunguliwa lini? Mashine ikipotea leo kwenye basi la kwenda Njombe, nani ataumia kwanza?

Wanaotaka kubadilisha Windows robo ijayo, ofisi ya miradi itakaa na mafundi siku mbili Njombe na siku moja Makambako. Tarehe zitatangazwa kupitia majimbo. Njooni na chaja, diski ya nje, neno la siri la kompyuta, na mjumbe mmoja anayezijua orodha zilizomo.