FUNDISHO: JICHO KWA JICHO

Masomo: Kutoka 21:18-27, Hesabu 35:31, Mwanzo 20:14-17



Mara nyingi mtu akiumizwa na mwenzake, anafungua Kutoka 21:24 na kusema: «Mungu mwenyewe ameniruhusu kulipiza.» Leo tuangalie namna walimu wa Wayuda, wanaoitwa marabi, walivyoisoma sheria hiyo.

1. Marabi ni nani?

Katika mwaka wa 70 Warumi waliharibu hekalu la Yerusalema, na sadaka zikakoma. Walimu wakaendelea kuyachunguza Maandiko pamoja, wakiulizana na kujibizana. Karibu na mwaka wa 200, Rabi Yuda alipanga mafundisho yao katika kitabu kiitwacho Mishna. Mabishano ya walimu waliofuata yakaandikwa katika Talmudi.

2. Walifikiri namna gani?

Waliuliza: kipofu akimtoboa mwenzake jicho, tutamtoa jicho gani? Tena walisoma Hesabu 35:31, kwamba roho ya mwuaji haikombolewi kwa feza. Wakasema: kama Mungu amekataza malipo kwa roho ya mwuaji, basi kwa jicho au mkono malipo yanakubaliwa. Hivyo andiko moja lilifungua lingine.

Talmudi imetunza pia neno la Rabi Eliezeri, aliyesema jicho ni jicho kweli. Wengi hawakulifuata, lakini hawakulifuta. Walibishana juu ya maana yake.

3. Malipo matano

Mwenye kuumiza alipe vitu hivi: kiungo kilichoharibika, maumivu, gharama ya mganga, siku ambazo mwenzake alikosa kazi, na haya aliyopata mbele ya watu. Malipo ya mganga na ya siku za kazi yako wazi katika Kutoka 21:19. Marabi hawakuyatoa kichwani mwao.

4. Feza peke yake haitoshi

Mishna inafundisha kwamba hata mtu akilipa yote, hajasamehewa mpaka aende kumwomba msamaha yule aliyemwumiza. Naye aliyeumizwa asifanye moyo mgumu. Walimkumbuka Abrahamu: Abimeleki alipomrudisha Sara, Abrahamu alimwombea kwa Mungu, naye akaponywa.

5. Sisi tunajifunza nini?

Wapenzi, tusishike mstari mmoja kama panga. Tusome na mistari iliyo mbele na nyuma yake, tena tuulizane sisi kwa sisi. Bwana Yesu naye, katika Matayo 5:38-42, alipotaja sheria hii alitukataza kulipiza.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:

– Nilipomwumiza ndugu yangu, nimelipa nini? Nimehesabu na haya niliyompa?

– Nimekwenda kwake mwenyewe, ao nimeomba msamaha kwa Mungu peke yake?

– Aliyekuja kwangu kuomba msamaha, nimemwombea?

Bwana atusaidie. Amina.